Mabega ya H-alfa ya Sigma Orionis E yanahamahama: ni sumaku ya nyota au mvuke wa pwani?

#1 Nahodha_Tanga

Wakuu salaam. Naomba macho yenu kwenye jambo hili.

Tangu kaskazi ishike nimekuwa naelekeza darubini yangu ya kioo cha sentimita 20 kwenye Sigma Orionis, chini kidogo ya Alnitak, pale mkanda wa Jabari unapoishia. Kwa macho ni nyota moja. Ukiisogeza karibu ni kundi: A na B zimeshikana, pembeni ipo D, mbele zaidi ipo E. Mimi nataka E peke yake. Ni nyota ya samawati yenye ukubwa wa 6.6 (kipimo cha mwangaza), ina heli kupita kiasi na uga wa sumaku wa takriban gausi 10,000. Hujizungusha mara moja kwa siku 1.19. Kwenye orodha ya nyota geugeu utaikuta kwa jina la V1030 Orionis.

Nyuma ya darubini nimefunga Star'Ex, ile spektrografu (kifaa cha kuutawanya mwanga kuwa rangi zake) ya kuchapa kwa printa ya 3D aliyoibuni Christian Buil wa Ufaransa, yenye gratingi, yaani kipande chenye mistari myembamba ya kutawanya mwanga, ya mistari 2400 kwa milimita. Napiga picha za dakika kumi kumi halafu nazijumlisha.

Ninachokiona ni hiki. Katikati ya H-alfa, ule mstari mwekundu wa hidrojeni kwenye nanomita 656.3, kuna bonde la kawaida la hidrojeni. Pembeni mwa bonde, kama nanomita 1 kila upande, kuna mabega yanayoinuka kidogo juu ya mwanga wa msingi (kiwango cha mwanga pasipo na mstari). Jioni moja bega la upande mwekundu linakuwa juu. Siku tatu baadaye, saa ileile, jekundu limelala na la buluu ndilo limesimama.

Mimi nasema ni nyota yenyewe. Rafiki yangu mmoja wa Dar anasema napiga picha mvuke wa Bahari ya Hindi. Spektra nimeambatanisha. Karibuni.

#2 Binti_Kilimia

Nimeweka kambi hapa. Uzi wa maana kabisa.

#3 fundi_lenzi

Mkuu mbona jibu liko wazi? Hiyo ni Zeeman. Sumaku inapasua mstari, kipande kimoja kinaenda kwenye nyekundu, kingine kwenye buluu. Umeona sumaku ya nyota kwa darubini ya uani, hongera sana.

#4 Mwl_Fizikia

Fundi, tupige hesabu kwanza kabla ya hongera.

Mpasuko aliouonyesha Pieter Zeeman mwaka 1896 unategemea nguvu ya uga na mraba wa urefu wa wimbi. Kwa gausi 10,000 kwenye 656.3, kila kipande kinasogea nanomita 0.02 hivi. Mabega ya Nahodha yako nanomita 1 kutoka katikati. Ni mara hamsini ya mpasuko huo.

Halafu nyota hii inajizungusha kwa kasi. Tukiitazama kutoka huku, ukingo wake mmoja unatujia na mwingine unatukimbia kwa takriban kilomita 160 kwa sekunde, na hilo peke yake linautanua mstari nanomita 0.35 kila upande. Mpasuko wa 0.02 umezama humo, hata ungekuwa na darubini ya mita nne usingeuona kwa macho ya namna hii. Ndiyo maana Landstreet na Borra walipoupima uga wa nyota hii mwaka 1978 hawakutafuta mpasuko. Walitenganisha mwanga unaozunguka kulia na unaozunguka kushoto, kisha wakatazama kama mistari ya pande hizo mbili imepishana.

Kwa hiyo Nahodha haoni sumaku. Kama ni nyota kweli, anaona gesi iliyoshikwa na sumaku. Ni vitu viwili tofauti.

#5 Nahodha_Tanga

Asante mwalimu. Hilo la gesi ndilo nililokuwa nalitaka. Gesi gani, na inakaa wapi?

#6 Mwl_Fizikia

Nyota moto kama hii hupuliza upepo wa chembe zenye chaji muda wote. Kwenye nyota isiyo na sumaku upepo huo unakwenda zake. Hapa uga unaushika, unaupitisha kwenye mapinde yake, na upepo wa kutoka ncha moja unagongana na wa ncha nyingine kwenye kilele cha pinde. Kwa sababu nyota inajizungusha haraka, ile gesi haidondoki kurudi chini wala haiondoki. Inakaa pale kama mawingu mawili, yanazunguka pamoja na nyota bila kupishana nayo hata kidogo. Fikiria mtu mwenye mzega anajizungusha palepale: ndoo haziachani na bega.

Townsend, Owocki na Groote waliliandika hilo mwaka 2005 kwa nyota hii hii. Na ukichukua nanomita 1 ya Nahodha ukaigeuza kuwa kasi unapata karibu kilomita 460 kwa sekunde. Gawanya kwa 160. Unapata karibu mara tatu. Maana yake, kama kila kitu kinazunguka kwa pamoja, gesi yake iko umbali wa karibu nusukipenyo tatu kutoka kitovu cha nyota. Ndipo hasa inapotarajiwa kuwa.

Binafsi namba hiyo kuangukia pale imenifurahisha sana.

#7 Chumvi_ya_Bahari

Mimi ndiye rafiki wa Dar anayetajwa. Sikubishana kwa kupenda ubishi, nina sababu.

Kati ya nanomita 654 na 660 anga letu lina mistari kadhaa ya mvuke wa maji. Miwili iko kwenye 657.2 na 657.5, yaani pembeni kabisa mwa bega jekundu la Nahodha. Upande wa buluu nako iko mingine. Sasa fikirieni programu inavyochora mwanga wa msingi. Mvuke ukiwa mwingi, mistari hiyo inazama, wastani wa pembeni unashuka, na sehemu isiyo na mvuke inabaki juu. Umepata bega ambalo halipo.

Tanga mwezi Januari, kaskazi ikivuma kutoka baharini, unyevu unabadilika usiku kwa usiku. Mimi nimewahi kupata mabega mazuri kwenye nyota ambayo haina historia yoyote ya mabega. Yalifutika usiku hewa ilipokauka.

Hesabu ya mwalimu ni nzuri, ila hesabu nzuri haithibitishi kwamba kilichopimwa kipo.

#8 Nanyuki_Usiku

Wadau, mimi niko Nanyuki, kama mita 1,900 juu ya bahari, na Januari hewa ya huku ni kavu. Natumia spektrografu ya Lhires III kwenye darubini ya sentimita 28. Mabega ya Sigma Orionis E ninayaona, tena usiku mkavu kuliko yote. Chumvi, kama yangekuwa maji tu, kwangu yangekufa.

Lakini kuna jambo linanikera. Nimechukua tarehe za Nahodha nikazilinganisha na zangu. Kwake bega jekundu linakuwa juu wakati ambapo kwangu mabega yote mawili yanapotea na bonde la katikati linazama zaidi. Tumepishana karibu robo ya mzunguko. Nyota moja haiwezi kuwa na nyuso mbili.

#9 fundi_lenzi

Kipindi ni saa 1.19, kwa hiyo robo ni dakika kumi na nane tu, mtapishanaje kwa hilo? Picha moja ya kujumlisha inakula muda huo wote.

#10 Binti_Kilimia

@fundi_lenzi ni SIKU 1.19, soma #1. Robo yake ni saa saba na dakika kidogo.

#11 mgeni_wa_anga

Samahani kuingilia. Nina darubini ya sentimita 13 na ile SA100, gratingi ya mistari 100 kwa milimita inayofungwa kama chujio. Naweza kujiunga na nyie kwenye nyota hii?

#12 Nanyuki_Usiku

Karibu sana mgeni, ila kwa nyota hii hapana. SA100 haina upenyo (mwanya mwembamba wa kupitisha mwanga wa nyota moja tu), kwa hiyo spektra za A, B, D na E zitalaliana. AB iko sekunde-tao 42 tu (kipimo kidogo cha pembe angani) kutoka E na inang'aa zaidi ya mara kumi yake. Tena uwezo wake wa kutenganisha ni mdogo, bega la nanomita 1 halitaonekana. Anza na Sirius uone ngazi ya hidrojeni, kisha Betelgeuse uone mabonde ya oksidi ya titani. Utashinda nayo wiki nzima.

Ukitaka nyota ya sumaku kwa kifaa ulicho nacho, fuata mwangaza badala ya spektra. Cor Caroli, kwenye kundi la Mbwa Wawindaji, ndiyo nyota ya mfano ya aina hii: kwa mzunguko wa siku 5.469, mwangaza wake unapanda na kushuka kati ya ukubwa wa 2.8 na 3.0. Kutoka Afrika Mashariki inapanda hadi kama nyuzi 45 hadi 50 upande wa kaskazini, tafuta miezi ya Aprili na Mei.

#13 Muscat_Unguja

Kuhusu Cor Caroli niongeze, maana huku Muscat inanipita karibu na utosi. Nimeifuata kwa spektrografu ya Alpy 600. Kinachobadilika pale ni nguvu za mistari ya silikoni, kromi na europi, hakuna mabega yoyote. Juu ya nyota kuna madoa ya kemikali. Michaud alieleza mwaka 1970 kwamba kwenye angahewa tulivu baadhi ya elementi zinasukumwa juu na mwanga na nyingine zinazama. Sumaku inaituliza hewa na kuyapanga madoa. Nyota inapojizungusha madoa yanakuja na kuondoka.

Lakini na madoa nayo yana makubwa yake. Yakifyonza mwanga wa urujuanimno, nishati ile inatoka upande unaoonekana, kwa hiyo doa linang'aa badala ya kuwa jeusi. Watu wa madoa ya Jua hawapendi kusikia hivyo.

#14 Mwl_Fizikia

Turudi kwenye robo ya mzunguko, maana hapo ndipo penye mambo.

Nahodha, awamu (hatua ambayo nyota imefikia kwenye mzunguko wake) umezihesabu kwa kipindi kipi? Hii nyota inapunguza kasi. Mawingu yale na upepo unaotoroka vinaivuta breki kupitia uga. Mwaka 2010 Townsend na wenzake walionyesha kwamba kipindi kinarefuka kwa milisekunde 77 kila mwaka. Ni kidogo, lakini kuchelewa kunajilimbikiza kwa mraba wa muda. Ukichukua kipindi cha mwishoni mwa miaka ya 1970 ukakihesabu mbele bila kukirefusha, baada ya miaka 47 umepotea karibu saa saba. Ndiyo robo yenu hiyo.

#15 Nahodha_Tanga

Mwalimu, nimetumia kipindi kimoja kisichobadilika, ndiyo, siku 1.19 na desimali zake kutoka kwenye jedwali la zamani. Lakini sikulinganisha awamu na Nanyuki. Yeye mwenyewe amechukua tarehe na saa zangu. Kuchelewa kwa nyota kungemhusu yeye sawasawa na mimi.

#16 Nanyuki_Usiku

Kweli. Nimelinganisha saa, siyo awamu. Tarehe zetu zimepishana siku chache tu. Milisekunde 77 kwa mwaka hazifanyi kitu kwa muda huo.

#17 Binti_Kilimia

Basi swali langu ni rahisi. Hizo saa za Nahodha ni saa gani? Kuna saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Kuna saa za Afrika Mashariki. Na kuna saa zetu za Kiswahili. Mtu akiandika daftarini "8 usiku" akimaanisha saa nane ya usiku, mwenzake anaweza kuisoma 20:00 wakati ilikuwa 02:00. Ni saa sita hizo. Kwa kipindi cha saa 28 na nusu, saa sita ni asilimia 21 ya mzunguko. Karibu na robo.

#18 Chumvi_ya_Bahari

Hahaha Binti umepiga penyewe. Nahodha ninavyomjua daftari lake lote ni "saa mbili na robo", "saa nne kasoro".

#19 Nahodha_Tanga

Daftari ni la Kiswahili na litabaki la Kiswahili. Faili la picha lina saa ya kompyuta. Nanyuki, wewe umesoma wapi?

#20 Nanyuki_Usiku

Nimesoma kwenye uliyoyaandika juu ya picha. Pameandikwa "8:10". Sikuona mchana wala usiku.

#21 Nahodha_Tanga

8:10 ya spektra ya kwanza ni saa mbili na dakika kumi usiku, 20:10, imetoka kwenye kompyuta. Ile ya tatu ni ya daftari. Ngoja nikae na mafaili yote niyapange kwa saa za dunia kabla hatujaendelea.

#22 Mombasa_Toronto

Nawasoma kutoka Toronto, na kwa hewa ya huku wakati huu mvuke umebaki kidogo mno, baridi imeukausha. Nina spektra chache za E kupitia kwa klabu, darubini ya sentimita 35. Mabega yapo. Kwa hiyo Chumvi, yakhe, mvuke peke yake hautoshi. Lakini na mimi naona kitu kati ya mabega, sindano nyembamba katikati ya bonde ambayo wakati mwingine iko na wakati mwingine haipo. Nashuku ni IC 434, lile wingu linalong'aa nyuma ya Kichwa cha Farasi. Sigma Orionis AB ndiyo inayoliwasha, tumo ndani ya mwanga wake. Usipoutoa mwanga wa anga vizuri pande zote mbili za upenyo, sindano inabaki au inageuka shimo.

#23 Mwl_Fizikia

IC 434 ni sahihi kwa sindano ya katikati. Haiwezi kutoa mabega. Gesi ya wingu lile haikimbii kilomita 460 kwa sekunde kwenda pande zote mbili.

#24 Chumvi_ya_Bahari

Haitoi mabega, sawa. Ila ikitolewa vibaya inaharibu kina cha bonde, na kina cha bonde ndicho Nanyuki amekitumia kusema "bonde linazama zaidi". Kwa hiyo robo ya mzunguko inaweza kuwa ni kosa la kutoa anga, wala siyo saa wala breki.

#25 fundi_lenzi

Njia ya kummaliza Chumvi ni hii: piga Alnilam, nyota ya katikati ya mkanda, mara tu baada ya E. Iko jirani, inang'aa sana, hewa ni ileile. Ukiona mabega kwenye Alnilam ni maji. Usipoyaona ni nyota.

#26 Muscat_Unguja

Fundi, Alnilam usiiguse kwa kazi hiyo. Ni jitu la samawati linalopuliza upepo wake mwenyewe na H-alfa yake inang'aa na kubadilika. Alnitak hali kadhalika. Utalinganisha mgonjwa na mgonjwa. Chukua Bellatrix. Ni ya aina ya B2 (nyota moto ya samawati) kama E, haina upepo wa kusumbua, na iko juu angani kwa wakati huohuo.

#27 Mombasa_Toronto

Au D ya Sigma yenyewe. Ni B2, mwangaza wake ni karibu sawa na wa E, na zinapita hewa ileile hasa. Tatizo lake iko sekunde-tao 13 tu kutoka AB, mwanga wa AB utamwagikia kwenye upenyo. Ukiweza kuugeuza upenyo usielekee AB, D ndiyo shahidi bora.

#28 Binti_Kilimia

Hapo mnanikumbusha swali ambalo hakuna aliyeuliza. Nahodha, mount yako (kitako kinachobeba na kuzungusha darubini) ni ya aina gani? Tanga iko nyuzi 5 kusini, na hii nyota inapita nyuzi mbili na nusu tu kutoka utosini. Kama ni mount ya juu-chini na kulia-kushoto, pale utosini uwanja mzima unazunguka kwa kasi, upenyo unafagia kundi lote, na AB itaingia ndani ikitoka ikirudi. Hilo nalo linaweza kukupa bega linalokuja na kwenda.

#29 Nahodha_Tanga

Ni ya ikweta. Kazi niliyoifanya kuifikisha hapo naijua mwenyewe: kwa nyuzi 5 mhimili umelala karibu sawasawa na ardhi, uzani ulikuwa unagonga mguu wa mbele kila mara. Fundi wa kuchomelea hapa mtaani akanitengenezea kiti cha chuma cha mshazari, sasa inazunguka bila kugonga. Nyota ya Kaskazini siioni kutoka huku, kwa hiyo napanga mhimili kwa kufuata nyota inavyoteleza, mashariki kwanza kisha kusini.

Nyota ikivuka utosi inabidi nigeuze mount. Upenyo unabaki kwenye mstari uleule lakini spektrografu inaning'inia upande wa pili. Plastiki ya kuchapa inajikunja kidogo. Ndiyo maana napima kwa neon kabla na baada ya kugeuza.

#30 mgeni_wa_anga

Neon unaipata wapi mkuu? Taa za kupimia nimeona bei zake nikarudi nyuma.

#31 Nahodha_Tanga

Tester ya umeme. Ile bisibisi yenye kitaa chekundu ndani ya mpini, kitaa kile ni neon. Nimekitoa, nimekiwekea rezista yake, nimekifunga kwenye mdomo wa darubini. Mistari yake 653.3 na 659.9 inaikamata H-alfa katikati, huhitaji zaidi. Kwa upande wa buluu neon haina kitu cha maana, hapo tumia stata ya tyubulaiti. Baadhi zina argoni ndani na mistari mingi kwenye buluu. Jaribu stata za aina mbalimbali, na umeme wa ukutani uuheshimu: mtu anayejua umeme akufungie.

#32 fundi_lenzi

Hapo kwenye stata nimevua kofia. Nina box zima dukani, kesho nazipiga moja moja.

#33 Mwl_Fizikia

Narudi kwenye hoja ya mvuke, maana kuna kipimo ambacho Chumvi hawezi kukipinga. Kwenye eneo la buluu la spektra, mbali na H-alfa, mvuke hausumbui. Heli kwenye nanomita 447.1 iko mbali na mistari ya maji. Kwenye Sigma Orionis E heli imekaa kwa mabaka juu ya uso, kwa hiyo mstari ule unanenepa na kukonda na mzunguko. Nahodha ageuze gratingi hadi 447, apige usiku kadhaa, apime nguvu ya mstari. Ukipanda na kushuka kwa siku 1.19, saa ya nyota tumeipata bila kuigusa H-alfa.

#34 Chumvi_ya_Bahari

Naafiki kipimo. Sikatai kwamba nyota inazunguka! Nakataa kwamba bega la Tanga limethibitishwa. Heli ikikubali, bado H-alfa itakuwa na maji yake juu.

Na mtambue jambo: mwalimu atasema nyota inahama ndani ya usiku mmoja na mvuke hauhami. Kutoka saa mbili hadi saa nane usiku nyota inazunguka karibu asilimia 21, bega lingesogea mbele ya macho. Lakini ndani ya saa hizohizo nyota inashuka magharibi, hewa inakuwa nene, na mistari ya maji inazama. Vyote viwili vinabadilika kwa pamoja.

#35 Mombasa_Toronto

Hewa nene huzamisha mistari palepale ilipo. Haiwezi kuhamisha bega kutoka nyekundu kwenda buluu.

#36 Chumvi_ya_Bahari

Kama mistari ya nyekundu na ya buluu ingekuwa na nguvu sawa, ningekubali. Haiko sawa.

#37 Binti_Kilimia

Mimi nataka kuuliza la nyuma kabisa. Hiyo sumaku ya gausi 10,000 ilitoka wapi? Nyota moto haina tabaka nene la kuchemka juu kama la Jua, kwa hiyo haina ile dainamo ya kuzalisha sumaku.

#38 Muscat_Unguja

Jibu la wengi: ni urithi. Wingu la gesi lililozaa nyota lilikuwa na uga dhaifu, likajikunja, uga ukabanwa ukabaki. Ndiyo maana hautikisiki kwa miongo.

#39 Nanyuki_Usiku

Kama ni urithi mbona ni karibu nyota moja tu kati ya kumi za aina hii iliyorithi? Wote wamezaliwa kwenye mawingu yaleyale. D na E ni majirani wa kundi moja, E ina uga wa kutisha na D haijulikani kwa hilo. Mimi naamini muungano: nyota mbili zimegongana zikawa moja, mvurugano ukakuza uga. Mwaka 2019 watafiti walifanya uigaji wa kompyuta kwa Tau Scorpii, iliyo kwenye Akarabu, na uga mkali ukatokea wenyewe.

#40 Mwl_Fizikia

Kwa Tau Scorpii muungano unasaidia, maana inaonekana kijana kuliko jirani zake na inazunguka polepole, siku 41. Kwa E sijashawishika. Kundi la Sigma Orionis lina miaka milioni chache tu, ni muda mfupi kwa nyota mbili kukua, kugongana na kutulia. Na kuna fumbo la breki: kwa kasi ile ya kuchelewa, E inapoteza mzunguko wake kwa kipimo cha miaka milioni 1.34. Kama imevuta breki tangu kuzaliwa, ingepaswa kuwa mzito zaidi wa kuzunguka. Ama ilizaliwa inazunguka kwa kasi kubwa mno, ama kundi ni changa kuliko tunavyodhani, ama breki haikuwa kali hivi siku zote.

#41 Nanyuki_Usiku

Au uga ulikuja baadaye. Kwa muungano. 🙂

#42 Mwl_Fizikia

Ulijua nitaacha mlango huo wazi.

#43 Nahodha_Tanga

Nimerudi. Mafaili yote sasa yako kwa saa za dunia na nimeyapakia upya. Kwa saa sahihi, tofauti yangu na Nanyuki imepungua lakini haijaisha, imebaki kama saa mbili hivi. Bellatrix nimeipiga mara tu baada ya E, usiku wenye unyevu mwingi. Kuna kivimbe upande mwekundu, hakifiki nusu ya bega la E. Upande wa buluu ni tambarare.

Na heli 447.1 nimeianza. Inanenepa na kukonda, hilo halina ubishi. Ila kunenepa kwake hakukai pale nilipotarajia ukilinganisha na mabega.

#44 Chumvi_ya_Bahari

Kivimbe chekundu kwenye Bellatrix! Asante, ndicho nilichokuwa nakidai.

#45 Mombasa_Toronto

Na buluu tambarare, kwa hiyo bega la buluu ni la E. Kila mmoja ameondoka na chake.

#46 Nanyuki_Usiku

Saa mbili zilizobaki zisidharauliwe. Mawingu mawili hayalingani, kwa hiyo "bega liko juu" halitokei kwa dakika moja, ni kilele butu. Nahodha, tuma faili ghafi siyo picha, niichore kwa mwanga wa msingi wangu na wewe uchore zangu kwa wa kwako. Tofauti ikihamia kwa programu tutajua.

#47 Nahodha_Tanga

Zinapanda sasa hivi, intaneti ya huku inakwenda kwa zamu.

#48 Mombasa_Toronto

Nimefungua ya tatu. Bega la buluu limegawanyika kuwili: kilele cha nje kwenye 655.3 kama kawaida, na kingine kidogo cha ndani kwenye 655.6 hivi. Kwenye spektra zangu hakipo. Nanyuki, wewe unacho?

#49 Nanyuki_Usiku

Ninacho usiku mmoja tu, na nilidhani ni kelele ya kamera. Ngoja nichimbue ya usiku unaofuata.